Tangi Jipya Chini ya Kiti cha Dereva

Jumamosi iliyopita nilikaa karibu saa nzima uani kwetu Rau, Moshi, nikichunguza tangi la mafuta ambalo fundi alitaka kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lilitoka kwenye Land Rover ya marehemu baba, ile fupi ya Series III, ambayo kwa miaka mingi ilibeba kahawa kutoka shambani Kibosho hadi ghala la chama cha msingi. Nilimwomba fundi aniachie kwa siku chache, kwa sababu nilikuwa tayari nimenunua tangi jipya, na sikutaka kulifunga kabla ya kuelewa la zamani lilikufa kwa ugonjwa gani.

Wengi huamini kwamba tangi huoza kutoka ndani, kwa maji yanayojitenga na petroli na kutulia chini. Jambo hilo hutokea kweli, hasa gari linapokaa muda mrefu likiwa na mafuta nusu, kwa kuwa hewa iliyobaki juu ya mafuta hubeba unyevu unaogeuka matone usiku wa baridi. Lakini sakafu ya tangi la baba ilikuwa nzima kabisa. Lilikuwa limetoboka upande wa juu, kandokando ya ukingo mwembamba unaounganisha vipande viwili vya bati, mahali ambapo jicho la mtu aliyelala chini ya gari halifiki. Nilipokwangua kwa bisibisi, udongo ulitoka kwa mabonge, mkavu nje na bado mbichi ndani. Ulikuwa umejazana kati ya tangi na boksi la kiti, ukinywa maji kila masika na kuyatunza.

Tundu la pili lilinifundisha zaidi. Pale tangi linapoegemea bano la chasisi, mtu fulani wa zamani aliweka kipande cha blanketi ili kuzuia mtikisiko. Gari lilikuwa limekaa chini ya paa kwa wiki tatu, na kipande kile kilikuwa bado kina unyevunyevu nilipokishika. Land Rover humdanganya mwenyewe kwa namna hii: mwili wake ni wa aluminiamu, milango na mabawa havili kutu nyekundu, kwa hiyo gari huonekana lina afya huku chasisi na tangi, ambavyo ni vya chuma, vikiliwa polepole mafichoni.

Tangi jipya lilitoka Uingereza, nami nililipata kwa muuza spea wa Arusha. Lilikuja likiwa jeusi na linang'aa, na mdogo wangu alishangaa niliposema kwamba linahitaji kupakwa rangi. Nilichovya kitambaa cheupe kwenye thina, nikafuta mara tatu, na bati tupu likaonekana. Rangi ile iliwekwa ili tangi lisishike kutu melini na rafuni, wala haikukusudiwa kupambana na tope la Kibosho. Nasikitika kila ninapofikiria matangi mangapi hufungwa yakiwa hivyo hivyo, mwenye gari akiamini kwamba weusi ule ni kinga.

Kabla ya kugusa msasa tulilipima. Tuliziba matundu yote, tukapuliza hewa kidogo sana kwa pampu ya baiskeli, kisha tukapaka povu la sabuni kwenye maungio yote na kungoja. Kipimo hiki lazima kitangulie, kwa kuwa rangi inaweza kuziba kijitundu chembamba kwa miezi michache, halafu petroli ikaja kukifungua gari likiwa barabarani. Povu lilitulia. Fundi alinikumbusha, kwa sauti ya mtu aliyeona mambo, kwamba tangi la zamani lisikaribishwe moto wala mashine ya kuchomelea, hata likionekana kavu.

"Mwanangu, tangi tupu ndilo la kuogopa kuliko lililojaa," alisema.

Ni kweli. Petroli yenyewe haiwaki ikiwa kimiminika. Unaowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi lililomwagwa mafuta linakuwa limejaa mchanganyiko huo.

Kuhusu rangi tulibishana, nami namshukuru Mungu kwamba tulibishana. Fundi alitaka tangi lote lipakwe ile lami nzito ya chini ya gari, kama alivyofanya kwa magari mengi. Mimi niliikataa. Lami ikiwa mpya ni nzuri, lakini jua na mtikisiko huipasua, maji huingia nyuma yake, na kutu hufanya kazi yake gizani huku juu kukionekana kumefunikwa vizuri. Kwangu mimi hilo ni blanketi lingine. Nilitaka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayochanganywa na kigumishi chake, kwa sababu hushika bati barabara na haiyeyuki petroli inapochuruzika wakati wa kujaza. Rangi ya kawaida ya mafuta, ile ya madukani ya kupaka mageti, hulainika pale pale kwenye shingo la kujazia. Fundi aliposikia hoja ya petroli alikubali, ila alishikilia kwamba uso wa mbele, unaopigwa na kokoto zinazorushwa na gurudumu, upate safu ya ziada ya rangi nene yenye kunyumbuka. Alikuwa na haki, nasi tukafanya hivyo.

Basi tuliondoa weusi wote wa dukani, tukakwaruza bati kwa msasa namba 180 ili praima ipate pa kushika, tukafuta kwa thina na kitambaa safi, na tangu hapo hakuna aliyeligusa kwa mkono mtupu, maana jasho la vidole pekee linatosha kuanzisha kutu chini ya rangi. Asubuhi ya kupuliza rangi kulikuwa na ukungu, na mlima haukuonekana kabisa. Fundi alikataa kuwasha kompresa. Aliweka kiganja juu ya bati, akasema ni baridi na lina unyevu, akaagiza chai. Tulianza karibu saa tano, jua lilipolipasha. Praima ilipigwa mara mbili. Baadaye tulijaza ukingo ule wa maungio kwa gundi ya kuzibia mabati, tukiilainisha kwa kidole kilichovishwa glovu hadi pasibaki hata mfereji mdogo wa kuhifadhi udongo, kisha rangi nyeusi ikaja juu yake. Tulikaa siku nne bila kulifunga, ingawa mikono ilituwasha.

Sehemu moja tuliiacha uchi kwa makusudi. Geji ya mafuta hufanya kazi kwa umeme unaopita kwenye kipimo kinachosogezwa na boya lililo ndani ya tangi na kurudi kupitia bati hadi chasisi. Rangi ikifunika njia hiyo yote, mshale hudanganya au hulala tu. Tulibakiza duara dogo la chuma kitupu, tukafunga waya wa hasi kutoka hapo hadi kwenye chasisi, kisha tukapaka grisi juu yake. Nilisafisha pia mafuta mepesi waliyoyaweka kiwandani kwa ndani, kwa kulisuuza na petroli kidogo na kuimwaga mbali na jiko na sigara za majirani.

Mahali pa blanketi tuliweka vipande vya mpira, ambavyo havinywi maji, na boliti zote zikapakwa grisi ili atakayezifungua baada yangu asilazimike kuzikata. Jana tulijaza lita kumi, wakati linabeba lita 45. Nililala chini na kurunzi nikipapasa kizibo cha kumwagia, mabomba na gasketi ya geji. Pakavu. Mshale ulipanda taratibu hadi karibu robo.

Leo mvua imenyesha Kibosho nami nimepanda hadi shambani, nikarudi na tope hadi madirishani. Mama alinikuta nimeinua kiti cha dereva, nikimwaga maji kwa jagi juu ya ukingo wa tangi.

"Unaosha nini humo ndani, Baba?" aliuliza.

Nilimwonyesha. Maji yalikusanyika kuwa matone juu ya rangi nyeusi, yakateleza ukingoni na kudondoka chini, yakiwa yamebeba udongo wote.