Nilivyowapeleka kuvua maafande waliojeruhiwa, hapa Lamu

Nilipewa ushauri wa kila aina, na mwingi haukufaa kitu. Eti askari aliyepoteza mkono apelekwe bahari kuu, akalishwe kitini, baharia amvutie nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki. Hapo anayevua ni baharia. Chambo cha manyoya, cha uvuvi uitwao "fly", kwenye maji mafupi ya upande wa kisiwa cha Manda kinamwachia afande kazi yake: arushe, avute, ahisi mwenyewe. Marekani wanalijua hili tangu 2005, Ed Nicholson, kapteni mstaafu wa jeshi la majini, alipoanzisha Project Healing Waters na majeruhi wa hospitali ya Walter Reed.

Siku niliichagua kwa mwezi: maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, tarehe 8 au 22 hivi za mwezi mwandamo. Wavuvi walinicheka, maana samaki hula vizuri mkondo ukienda mbio. Wacheke. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, yakipwa mashua inakuwa chini kabisa ya gati, ngazi zina utelezi wa mwani, na mwenye mguu mmoja hana pa kushika. Nilipakia maji yakiwa yamejaa.

Rodi, yaani fimbo ya kuvulia, ni namba 8 (namba ni ya uzito), futi 9, lakini mshipi namba 9. Uzito huo wa ziada huikunja rodi mapema, kwa hiyo mtu hachoki kurusha mbele na nyuma. Mshipi uwe wa nchi za joto! Nilioazimwa ulikuwa wa kuvulia samaki aina ya trauti wa mito ya Mlima Kenya; kwa jua letu ulilegea ukanata kwenye pete za rodi. Chambo nilikifunga kwa singa nyeupe za mkia wa mbuzi kwenye ndoana 1/0, na macho ya risasi ili kizame. Kijino cha ndoana kibanwe bapa kwa koleo, ikimkwama mtu sikioni itoke bila daktari.

Sasa tyubu. Mjuzi mmoja alisisitiza rodi ifungwe kwenye kigutu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ikafungwa, ikapendeza. Jasho lilipoingia tu, rodi ikazunguka ndani ya mpira, rili, gurudumu la kukunjia mshipi, ikatazama mbinguni. Kolekole wa kiasi cha kandambili akavuta, na rodi nzima ikageukia tezi, nyuma ya mashua, nahodha akalala chini kabla ya afande. Mpira unavutika, hauwezi kuzuia kitu kisizunguke.

Dawa ilikuwa bomba la plastiki la nchi 2, urefu kama futi moja, kipande cha mia chache dukani. Nilikata mwanya kuanzia mdomoni karibu hadi mwisho, nikasugua makali kwa msasa, nikalifunga kwa bolti kwenye ubao wa kukalia, mwanya ukiangalia chini na bomba likitokeza nje ya ukingo ili rili ining'inie. Liinamishwe mpaka ncha ya rodi ikaribie maji. Afande anarusha, anabana mshipi kwa kidole cha shahada, anasukuma kitako cha rodi ndani ya bomba, kisha mkono uleule unavuta mshipi. Samaki akiuma, anavuta mshipi moja kwa moja. Wenye mikono miwili huinua rodi juu kwa pupa na chambo kikatoka mdomoni mwa samaki; huyu hawezi kuinua, basi anapatia kuwashinda.

Mkono unaorusha ukae demani, upande unakoelekea upepo, ili upepo uipeleke ndoana mbali na uso. Mshipi unaovutwa uangukie kwenye karai lenye maji kidogo, la sivyo unajizungusha kwenye mikongojo na bolti za goti la bandia. Mguu wenyewe nauvua mapema na kuutia kwenye pipa lenye kifuniko, maana chumvi na mchanga huharibu goti. Kigutu kikaushwe.

Mashine iwashwe kabla hawajapanda. Ikizimika katikati, nahodha aseme "nawasha, afande" kabla ya kuvuta kamba, kwa sababu mlio wa ghafla unawarudisha wengine kwenye bomu. Wala mtu asipite nyuma yao kimyakimya.

Petroli na nahodha vilikula elfu kadhaa, samaki tukala wenyewe. Rili zilale kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi usiku huohuo. Kuzimwagia juu juu hakutoshi, breki zitaganda kwa chumvi.