Intaneti hadi SQ: nyaya za stima zilivyonifaa pale waifai iliposhindwa

Ninafundisha Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi wangu wengi wako Ulaya na Marekani, kwa hivyo vipindi vyangu ni vya jioni, saa ambazo watu wa mtaa wetu wa Migosi wote wamerudi nyumbani na kila mmoja yuko mtandaoni. Chumba changu cha kazi ni SQ, yaani kile kijumba cha mfanyakazi, iliyo nyuma ya nyumba ya Mama hapa Kisumu. Kebo ya faiba inaingilia sebuleni, upande wa barabara. Kati ya hapo na meza yangu kuna kuta tatu za mawe ya mashine, uwanja uliosakafiwa kwa saruji, na mlango wa chuma. Tunalipia megabiti 20 kwa sekunde. Sebuleni zinafika zote, lakini SQ zilikuwa zikifika mbili au tatu, na jioni nyingine hata hizo hazionekani.

Somo la video halihitaji kasi kubwa. Megabiti mbili au tatu zinazotulia zinatosha kabisa. Kinachoharibu ni ucheleweshaji unaopanda na kushuka: mwanafunzi anasoma sentensi, inakatika katikati, halafu maneno manne yanakuja kwa pamoja. Ukiwa unamsahihisha mtu tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe", sauti moja ikimezwa hakuna unachoweza kumsaidia. Na huyo mtu amelipa.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua ubovu uko wapi, kwa kampuni ya intaneti au ndani ya boma letu. Kipimo ni rahisi na ni cha bure. Kwenye kompyuta unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika ping, amri inayopima rauta inachukua muda gani kujibu, pamoja na anwani ya rauta yako (yetu ni 192.168.1.1), kisha unaiacha iendelee huku ukitazama. Nikiwa sebuleni rauta ilijibu kwa milisekunde mbili au tatu, mfululizo. Nikiwa SQ ilijibu kwa 40, kisha 300, kisha haikujibu kabisa, kisha 90. Hapo kampuni haina kesi ya kujibu, kwa sababu data ilikuwa inapotea kabla hata ya kutoka getini. Watu wengi hupiga simu kwa kampuni na kugombana na vijana wa huduma kwa wateja bila kufanya kipimo hiki, nami naona wanajichosha bure.

Nilianza kwa kuihudumia waifai yenyewe. Rauta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahazi 2.4 na ya gigahazi 5. Yale ya 5 yana nafasi kubwa na kasi nzuri, ila ukuta wa mawe huyamaliza haraka. Ya 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini yana njia tatu tu zisizogongana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na kila simu na rauta ya jirani inagombania humo humo. Nilipakua programu ya simu inayoonyesha rauta za karibu zinatumia njia gani, nikakuta ploti zinazotuzunguka zimejaa kwenye ya 1 na ya 6. Nikahamisha yetu hadi ya 11, nikaiinua rauta kutoka nyuma ya televisheni na kuiweka juu ya kabati. Nyumba kubwa ilipata nafuu hadi jikoni. SQ haikusikia chochote.

Kuna vile vifaa vidogo vya kuongeza waifai ambavyo unachomeka katikati ya safari. Vya bei nafuu hutumia redio ile ile moja kupokea na kurusha, kwa hivyo kasi hupungua kama nusu, na ucheleweshaji unaongezeka. Kwa kutazama video vinafaa. Kwa mazungumzo ya moja kwa moja mimi sivitaki.

Dawa bora ni kebo ya mtandao yenyewe, nami nalisema hili mapema kwa yeyote anayeweza kuipitisha: ipitishe. Inafika mita 100 bila shida na haijali jirani ana rauta ngapi. Kwetu ingebidi kupasua saruji ya uwanja, na Mama alisema uwanja wake haupasuliwi. Hilo likaisha hapo.

Lakini chini ya saruji hiyo hiyo tayari kuna kebo: ya stima. Ndipo nikaanza kufuatilia adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, zile madukani wanaziita pawalaini. Huuzwa mbili mbili. Moja unaichomeka kwenye soketi karibu na rauta na kuiunganisha nayo kwa kebo fupi. Nyingine unaichomeka kwenye soketi ya chumba unachotaka. Stima yetu hucheza mara 50 kwa sekunde, na adapta hizi hupandisha data juu ya waya huo huo kwa mawimbi ya kasi kubwa sana, kuanzia megahazi 2 hadi karibu 30, na zile mpya hufika 86. Vitu hivyo viwili haviingiliani. Si teknolojia ya jana: toleo la kwanza la HomePlug, kiwango kinachofuatwa na adapta nyingi za aina hii, lilitoka 2001 likiahidi megabiti 14, AV ikaja 2005 na 200, na AV2 ikafuata 2012.

Usiamini namba iliyo kwenye boksi. Ukiona 600, hiyo ni kasi ya adapta mbili zikiongea zenyewe kwa zenyewe katika hali nzuri kabisa, na nyingi za kundi hilo zina tundu la kebo la megabiti 100 tu. Kwa kuwa kifurushi chetu ni 20, hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni plagi. Soketi zetu ni za pini tatu bapa sawa na za Uingereza, kwa hivyo adapta zilizotoka huko huingia moja kwa moja hata zikiwa mitumba. Zilizotengenezwa kwa bara la Ulaya zina pini mbili za mviringo, na kuzichomeka juu ya kigeuzi cha plagi kunaongeza kiungo kimoja kibovu njiani. Pia uliza kama zote mbili ni za familia moja. Adapta za HomePlug na zile za G.hn, ambacho ni kiwango kingine, hazielewani hata kidogo.

Nilipozichomeka mara ya kwanza, moja sebuleni na moja SQ, taa ziliwaka na intaneti ikaja. Kasi ilikuwa megabiti kama nane na ping ilikuwa inarukaruka, ingawa haikupotea. Ilikuwa afadhali, lakini haijafika. Nikamwita fundi wa stima aliyefunga nyaya za nyumba hii. Alifungua kisanduku cha breka kwenye korido, akaweka kidole kwenye breka ya mwisho.

"Mwalimu, SQ haichukui moto kutoka kwa hizi soketi za nyumba," akasema. "Ina breka yake peke yake, na kebo inatoka hapa inapita chini ya uwanja. Soketi za sebuleni nazo zina breka yao ile pale."

Maneno hayo ndiyo yaliyofungua kila kitu. Macho yangu yalikuwa yakipima umbali kwa kupitia uwanja, lakini data ilikuwa inazunguka soketi zote za upande wa mbele, inaingia kisandukuni, inapita breka moja, inatoka kwa breka nyingine, ndipo inaanza safari ya SQ. Kila breka na kila kiungo hupunguza nguvu ya mawimbi. Akanionyesha soketi ya korido iliyo chini kabisa ya kisanduku. Tukavuta kebo ya mtandao kutoka kwa rauta, ikafuata ukingo wa ukuta hadi koridoni, adapta ya kwanza ikahamia hapo. SQ ikapata megabiti zote 20. Nilimwomba pia aangalie kama waya wa athi umeunganishwa kweli kwenye soketi ya SQ, kwa sababu adapta za AV2 zenye njia mbili hutumia na waya huo. Ulikuwa umelegea. Akaukaza, na hilo ni jambo la usalama hata kama huna adapta yoyote.

Bado kulikuwa na saa fulani za jioni ambapo ping ilipanda ghafla. Hapa nilisaidiwa na mtoto wa kaka yangu. Nilikaa SQ na ile ping ikitembea mbele yangu, yeye akapita nyumba nzima akizima kitu kimoja kimoja na kuniita kutoka mlango wa jikoni.

"Shangazi, nimezima friji!"

Hakuna kitu. Pampu ya maji ilitikisa namba kidogo ilipowaka, kisha zikatulia. Taa za sebuleni hazikubadilisha chochote. Halafu akang'oa chaja moja ya simu, ya bei ya barabarani, iliyokuwa imechomekwa koridoni kando ya adapta yangu, na milisekunde zikashuka kutoka 60 hadi 6 mbele ya macho yangu. Chaja hizo za rahisi hurudisha kelele kwenye waya, na ya Mama ilikuwa ikichomekwa jioni, wakati wa vipindi vyangu. Nikamnunulia nyingine nzuri na kuihamishia chumbani kwake.

Kuna mgongano mmoja ambao mtu wa Kisumu lazima aufikirie: radi. Adapta zinataka kuchomekwa moja kwa moja ukutani. Ukizipitisha kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme au gadi ya televisheni, kinga hiyo huchuja mawimbi ya data kama uchafu. Lakini kifaa kilicho ukutani bila kinga ndicho huungua stima ikirudi kwa kishindo au radi ikipiga karibu, na kinaweza kuondoka na rauta iliyounganishwa nacho. Sisi tumeamua kwamba wingu likijikusanya upande wa ziwa, adapta zote mbili zinang'olewa na kebo inachomolewa kwenye rauta. Kipindi kikiwa kinaendelea namwomba mwanafunzi dakika chache nihamie bando la simu. Stima ikipotea ni hivyo hivyo: rauta ina betri yake ndogo na waifai ya sebuleni inaendelea, lakini pawalaini bila stima haipo. Nabeba laptopu na kwenda kukaa sebuleni na Mama.

Jambo la usalama watu hulisahau. Adapta mpya hutoka kiwandani zikiwa na ufunguo mmoja unaofanana, na mita haizuii mawimbi yote, kwa hivyo kwenye ploti yenye wapangaji jirani anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako. Bonyeza kile kitufe cha kuziunganisha, kwanza kwenye moja kisha kwenye nyingine ndani ya dakika mbili, zijitengenezee ufunguo wao.

Adapta yangu ya SQ ina waifai yake ndogo pia, nayo inatosha simu yangu ndani ya chumba. Kompyuta ya kufundishia inabaki kwenye kebo.

Mwalimu mwenzangu anayeishi Mamboleo aliziona akataka kununua kama hizi. Nilimwambia kwanza aulize nyumba yao imefungwa stima ya namna gani, akagundua ni fezi tatu, yaani stima inaingia kwa nyaya tatu tofauti, na chumba chake kiko kwenye fezi tofauti na sebule. Nilimwazima zangu ajaribu Jumapili moja. Zilionana kwa shida na kasi haikufika megabiti mbili. Uwanja wao ni wa nyasi, kwa hivyo walichimba mtaro, wakalaza kebo ya mtandao ya kutumika nje ndani ya bomba la plastiki mbali na kebo ya stima, na sasa anapata kasi yake yote.