Tunisia walihitaji soko, wakapewa mikopo

Kuna kitu nabishana sana na washkaji hapa Kariakoo, wao wanaamini nchi ikishamng'oa dikteta basi kazi imeisha, maisha yatanyooka yenyewe. Hamna kitu kama hicho. Cheki Tunisia. Yule Mohamed Bouazizi aliyejichoma moto mji wa Sidi Bouzid Desemba 2010 alikuwa machinga, anauza matunda kwenye mkokoteni, wakamnyang'anya mali yake (mgambo wa jiji mnawajua, sina haja ya kueleza), na haikuisha hata mwezi rais wao dikteta, Ben Ali, akakimbilia Saudi Arabia. Sasa kama chanzo ni riziki, si ndo ungeanzia hapohapo?

Ila Ulaya, ambao ndo jirani wa ng'ambo ya bahari na ndo mteja wao mkubwa, wakaanza na mikutano. Mei 2011 wakubwa wa G8 (kundi la mataifa nane makubwa, Ulaya wakiwemo) wakakaa Deauville, Ufaransa, wakaahidi mabilioni kwa Tunisia na Misri, mengi yakiwa mikopo, kwenye tivii inapendeza kweli, lakini mkopo ni deni mzee, unalipwa.

Chukua mafuta ya zeituni. Tunisia wanayo mengi hatari, ila yaliyoruhusiwa kuingia Ulaya bila ushuru ilikuwa tani 56,700 tu kwa mwaka. Mpaka 2015 magaidi walipoua watalii kwenye makumbusho ya Bardo na baadaye ufukweni Sousse, utalii ukafa, ndo wakastuka wakaongeza tani 35,000 kwa mwaka, tena 2016 na 2017 basi, na bado wakulima wa Italia wakapiga kelele utafikiri wameporwa mashamba.

Halafu mengi ya mafuta hayo yanaondoka kwenye matangi, hayana chupa wala nembo, yanaenda kuchanganywa na kufungashwa Italia na Hispania, faida inabaki hukohuko. Watu wa Mtwara mkisoma hapa najua mnaguna, korosho zetu si zinapanda meli na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam?

Na wala sio huruma naongelea. Sisi Kariakoo tunawategemea Wakongo na Wazambia wanaokuja kufunga mzigo, kwao kukiyumba na maduka yetu yanapoa. Ulaya wangefungua soko 2011, tena la mafuta ya chupa, nao wangeuza zaidi kwa Watunisia. Vijana wa kule hawakusubiri hiyo 2016, mwaka uleule wa mapinduzi walishajazana kwenye maboti kwenda Lampedusa, kisiwa cha Italia, na hapo ndo Ulaya wakaanza kulalamika kuhusu maboti.