Kazi yangu ilikuwa kidole

Jumamosi tulitoka Kibirizi, bandari ndogo ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, saa tisa alasiri, tumechelewa, mjomba akisubiri magunia mawili ya unga ambayo mwenye unga alikuwa bado anabishana bei. Watu sita kwenye boti ndogo ya mbao, tunakwenda kijiji cha Mwamgongo, kaskazini. Agosti hii kusi, upepo wa kutoka kusini, haina adabu. Mawimbi yalitusukuma toka nyuma njia nzima. Jaketi okozi zilikuwa mbili. Moja mama mmoja aliikalia kama mto. Simcheki, maana ya pili ilikuwa miguuni pangu na sikuivaa.

Tulipokuwa usawa wa milima ya Gombe, kijana mmoja akasimama nyuma kujisaidia haja ndogo. Sote tukageuza nyuso, kwa heshima. Ndiyo maana hakuna aliyemwona akianguka. Tulisikia chubwi, basi.

Mjomba alipunguza moto wa injini papo hapo, akatupa dumu la njano la petroli, tupu, limefungwa vizuri. Kisha akaniambia mimi: "Wewe mwangalie. Mnyooshee mkono, usitoe macho hata nikikwambia boti inazama."

Moyoni nikasema hiyo ni kazi ya kumpa mtoto. Wenzangu walikuwa wanakunjua kamba, mimi nimenyoosha kidole kama naonyesha duka. Boti ikageuka kukabili upepo, maji yakaingia, nikaona begi langu linalowa. Nikainama kulisogeza. Sekunde tatu, labda nne.

Nilipoinua kichwa, hakuna mtu.

Kichwa cha binadamu majini ni chikichi moja kwenye uwanja wa mpira. Wimbi likipanda kinapotea, likishuka unatazama pengine. Na ubongo wangu, badala ya kusaidia, ukaniletea somo la jiografia: Tanganyika, mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Tulilikariri kwa kuimba.

Nilichokiona kwanza ni dumu. Njano, linarukaruka. Halafu mkono umelikumbatia. Nikanyoosha tena kidole kana kwamba sikuwahi kukishusha.

Mjomba alimwendea polepole, omo, yaani pua ya boti, kwenye upepo, na kabla hatujamfikia akazima injini kabisa. Rafadha, yale mapanga ya injini, haimjui mwenyeji wala mgeni. Mwenzetu mmoja alitaka kujitosa, akafokewa: "Nitafute wawili?" Wakamrushia kamba. Sisi wengine tukaambiwa tuegemee upande wa pili ili boti isipinduke, kisha wawili wakamshika makwapani. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea: badala ya kumvuta, walimdidimiza kwanza majini hadi kidevuni, na alipoibuka kwa nguvu ya maji yenyewe, wakamvuta pamoja nayo. Akaingia kama gunia, akatapika, akaanza kutetemeka. Maji hayakuwa ya baridi. Upepo ndio uliomla. Yule mama akamvua shati na kumfunga kitenge chake, kisha akavaa jaketi aliyokuwa ameikalia. Hakuna aliyesema neno.

Mwamgongo tulifika jua linazama. Kijana alipelekwa zahanati aangaliwe kifua, analalamikia kandambili moja iliyobaki ziwani. Mimi nilibaki nikimsaidia mjomba kushusha unga, nikingoja anisifu. Alifunga kamba, akakagua fundo, akasema bila kunitazama:

"Mjomba, kidole chako kilishuka."

"Begi lilikuwa linalowa."

"Limekauka?"