Chumvi haikuwemo kwenye karatasi yangu

Mei 2018 baba alikuja Munich kunitembelea. Alikuwa na miaka 71, na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Mimi nilikuwa na siku mbili tu bila zamu hospitalini, Jumanne na Jumatano, na nilishaamua kwamba tunakwenda Salzburg. Mji uko ng'ambo tu ya mpaka wa Austria, treni ya kawaida hufika kwa muda usiotimia saa mbili, na viza yake ya Schengen iliruhusu. Mwaka mzima nilikuwa namtumia picha za theluji na za korido za wodi. Nilitaka arudi Kigoma ameona kitu kizuri kwa macho yake.

Jumapili usiku, baada ya chakula, nikatandaza karatasi yangu mezani. Nilikuwa nimeipanga kwa wiki mbili. Tungetumia Bayern-Ticket, tiketi ya jimbo la Bavaria, liliko Munich, ambayo inakubalika hadi stesheni ya Salzburg ingawa ni nchi nyingine, na watu wawili husafiri kwa tiketi moja. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu asubuhi, kwa hiyo tungeondoka baada ya hapo. Pasipoti mfukoni, maana wakati wa kurudi polisi wa Ujerumani hupita kukagua mpakani. Siku ya kwanza bustani za Mirabell, kisha Getreidegasse namba 9, nyumba aliyozaliwa Mozart, mtunzi wa muziki, mwaka 1756, kisha Kanisa Kuu. Siku ya pili ngome ya Hohensalzburg, iliyoanza kujengwa mwaka 1077. Magoti ya baba hayapendi mlima, lakini kuna behewa la kamba linalopandisha watu ngomeni tangu 1892. Kila kitu nilikiandikia saa yake.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, miwani puani, hakunikatiza.

"Mama," akasema, "hilo jina la mji maana yake nini?"

"Ngome ya chumvi, baba."

Akainamia karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, taratibu, kama anayehakiki malipo.

"Na chumvi yenyewe umeiweka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mtu niliyekuwa namwonyesha ile karatasi alifanya kazi kwenye chumvi ya Uvinza miaka 31. Sisi tulisoma kwa chumvi. Pale Uvinza, kwetu Kigoma, maji ya chumvi yanatoka yenyewe ardhini, karibu na mto Ruchugi, na watu wameyachemsha vyunguni kwa zaidi ya miaka elfu moja, kabla ya Wajerumani na kabla ya reli. Wanunuzi walitoka Burundi, walitoka Unyamwezi, walivuka ziwa Tanganyika. Baba alianzia kwenye kuchochea moto. Mpaka leo ana alama kwenye kigasha cha mkono wa kulia, ngozi iliyong'aa upana wa kijiko, pale uji wa chumvi ulipomrukia. Naijua alama hiyo tangu sijaanza shule, na bado nilipanga safari ya mji wa chumvi bila kumkumbuka yeye.

Tukafungua kompyuta. Ilikuwa saa nne usiku. Tuliifunga karibu saa saba. Kilomita kama 15 kusini ya Salzburg kuna mji mdogo, Hallein, na juu yake mlima Dürrnberg, ambako Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, walichimba chumvi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Baadaye wachimbaji waliacha kubeba mawe: waliingiza maji kwenye vyumba ndani ya mlima, maji yakayeyusha chumvi, wakayateremsha kwa mabomba na kuyachemsha chini. Mgodi ulifungwa mwaka 1989 na sasa unapokea wageni.

Nikawa namsomea Kijerumani huku nafasiri. Nilipofika kwenye kuchemsha akanizuia.

"Kuni walitoa wapi?"

Hilo ndilo swali la mtu wa Uvinza. Kwetu miti ilikwisha kwanza pale jirani, kisha malori yakawa yanaifuata mbali zaidi kila mwaka. Nikatafuta. Magogo yalikatwa juu milimani, yakaachiwa mto Salzach uyateremshe, na pale Hallein yakazuiwa kwa uzio mkubwa wa miti uliokatiza mto. Baba akavua miwani. "Mto unabeba kuni," akasema. "Hawa walikuwa na bahati."

Kisha nikamsomea habari za Askofu Mkuu Wolf Dietrich. Maaskofu wakuu ndio waliokuwa watawala wa Salzburg, na makanisa na bustani nilizokuwa nazitamani zilijengwa kwa fedha ya chumvi kwa sehemu kubwa. Mwaka 1611 huyu aligombana na Bavaria kwa ajili ya chumvi, akashindwa, akakamatwa, akafungwa ndani ya ngome yake mwenyewe ya Hohensalzburg hadi alipokufa mwaka 1617. Baba alinyamaza kitambo. "Ngome tuiache kwenye karatasi," akasema.

Lakini kitu kilibidi kitoke. Akachukua kalamu, akanitazama kwanza kuomba ruhusa, akapiga mstari juu ya nyumba ya Mozart. Iliniuma, sitaficha, niliitamani nyumba ile kuliko vyote. Pembeni akaandika kwa herufi kubwa za mkono wake: JUMATANO ASUBUHI, CHUMVI. Ngome ikahamia Jumanne jioni.

Jumatano tulivalishwa nguo nyeupe juu ya zetu, tukaingia mlimani. Kuna baridi kule ndani. Chini ya ardhi tulipita alama ya mpaka, tukawa Ujerumani, tukarudi Austria bila kuona jua, na mwisho tukapandishwa mashua kwenye ziwa la chumvi, taa zikiwa hafifu. Watu walikuwa wanapiga picha. Baba aliinama ubavuni mwa mashua, akachovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho.

"Nzito kuliko yetu," akaninong'oneza. "Hii ukiichemsha, kuni unatumia kidogo sana."

Akachovya tena, akaniletea kidole mdomoni, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.