Ugali wa Mtama kwa Shangazi

Habari kwamba nimepatikana na ugonjwa wa sukari zilifika Ahero kabla sijazoea vidonge vyenyewe. Metformini ilikuwa bado inanivuruga tumbo Shangazi alipopiga simu: "Njoo Jumapili. Nimeshaambiwa unachopaswa kula."

Mchele wa Ahero, unaolimwa karibu na mlango wake, haukuonekana mezani. Wala chapati. Chai ilikuja bila sukari. Halafu ukaletwa ugali wa mtama uliosagwa pamoja na muhogo, umekaa kwenye sinia kama kichuguu, unafuka mvuke. Kando yake kuku wa kienyeji, na osuga, yaani mnavu, iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukapungua.

"Huu haudhuru," alisema. "Ule mweupe ndio wenye sukari. Onja, kama utasikia utamu."

Muuguzi wa kliniki kule Kisumu alikuwa ameniambia nusu ya sahani iwe mboga, na ugali usizidi ngumi yangu, uwe mweupe au wa kahawia, maana wanga ukishasagwa tumboni huishia kuwa sukari damuni. Lakini haya, nenda ukamweleze habari za ngumi mwanamke aliyekuchinjia kuku! Nilipima sukari ya damu kabla ya kunawa mikono nile: 7.4. Nikamega. Kila nilipopumzika, aliniongezea.

Saa mbili baadaye mashine ilisoma 13.9.

Shangazi akavaa miwani, akaigeuza mashine juu chini. "Imeharibika hii. Hebu nipime mimi."

Nikaweka sindano mpya, nikamdunga ubavuni mwa kidole, ambako hakuumi sana. Tone likajitokeza, stripi ikalinyonya. 6.2. Naye alikuwa amekula kunishinda!

"Kumbe ni nzima," alisema, akiirudisha mezani kwa heshima.

Nikamweleza kwamba kongosho lake bado linatoa insulini ya kutosha na mwili wake unaitii. Wangu umekuwa mkaidi. Alinisikiliza huku akikusanya vyombo, kisha akaanza kunihoji. Omena? Ruhusa. Mbuta? Ruhusa, ila wa mchuzi kuliko wa kukaanga. Ndengu? Kwa kiasi. Viazi vitamu? Kimoja kidogo, tena badala ya ugali, si pamoja nao. Hapo alikunja uso. Tulipofika kwenye uji aliweka sinia chini kabisa.

"Uji wa wimbi nao? Mwanangu, huo ni dawa!"

Tukaanza kubishana upya.