Kilele cha 91

Ndege ilitua Geneva siku ya Ijumaa, tarehe 22 Juni 2018, saa moja na nusu usiku. Nasema usiku kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyoihesabu saa hiyo, lakini nje jua lilikuwa likiwaka kama la alasiri. Sababu yake niliijua vizuri. Ningeweza kuchora mhimili wa dunia ulivyoinama nyuzi 23 na nusu na kueleza kwa nini mwezi Juni jua huchelewa kuzama kaskazini. Mwili haukujali maelezo hayo. Uliendelea kusubiri giza ili ukubali kwamba umechoka, na giza halikuja.

Nilikuwa mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa tatu, nimechaguliwa kufanya utafiti CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, majira yale ya joto. Kila mwaka maabara ile hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi kwa wiki kadhaa. Asubuhi wanasikiliza mihadhara, saa zilizobaki wanafanya kazi na kikundi cha watafiti. Afisa wa pasipoti aliponiuliza nimekuja kufanya nini, jibu lilikuwa tayari kichwani, nimelifanyia mazoezi wiki mbili. Aliitazama barua, akagonga muhuri kabla sijafika katikati.

Treni kutoka uwanja wa ndege hadi stesheni ya Cornavin ni dakika chache tu. Nilitoka nje kutafuta tramu namba 18 nikaukuta mji umetulia kuliko nilivyotarajia. Nikasimama kituoni, begi katikati ya miguu. Ghafla kelele zikalipuka kutoka madirishani, kwenye mikahawa, kila upande kwa mpigo mmoja. Nilishtuka nikalikumbatia begi. Kijana aliyekuwa karibu yangu aliuona uso wangu, akanigeuzia simu yake nione. "Xhaka!" alisema. Uswisi ilikuwa ikicheza na Serbia kwenye Kombe la Dunia, na Granit Xhaka alikuwa amesawazisha. Yule kijana sikuwahi kumwona tena, ila mpaka leo namshukuru, maana alitambua kwamba mimi mgeni nimeogopa, na hakuniacha na hofu yangu.

Tramu ilikwenda hadi mwisho wa njia, na mwisho wa njia ndio langoni kwa CERN. Mlinzi alitafuta jina langu kwenye orodha, akalikuta. Akachukua ramani, akazungushia kalamu jengo la namba 39, ndiko nitakakolala. Nilidhani namba zitaniongoza. Kumbe majengo ya pale namba zake hazifuatani. Unatoka kwenye jengo moja, linalofuata lina namba ya mbali kabisa. Nikakokota begi kwenye barabara zenye majina niliyozoea kuyaona vitabuni tu: hii ya Einstein, ile ya Feynman. Nilipita mahali pamoja mara tatu. Hatimaye, giza likiwa limeanza kuingia kweli, nikatokea mbele ya sanamu ya Shiva, mungu wa Kihindu, akicheza ndani ya duara la moto, urefu wake mita mbili. India iliizawadia maabara ile mwaka 2004. Jengo 39 lilikuwa pale pale pembeni yake.

Nikampigia mama. Akaniuliza kama nimefika, nikamwambia nimefika. Akaniuliza panafananaje. Nikashindwa kumjibu, nikasema nitamweleza kesho.

Jumamosi na Jumapili ofisi zilifungwa na sikuwa namjua mtu. Nilitembea. Zaidi ya kila kitu nilitaka kwenda mashambani, kwa sababu huko chini, kama mita 100 kwenda ardhini, ndiko linakopita handaki la mashine kubwa ya kugonganisha protoni, LHC. Chuoni nililichora handaki hilo mara nyingi sana. Nilikuwa naweka kikombe juu ya daftari, nazungusha kalamu, halafu naandika pembeni: kilomita 27. Sasa nilisimama kandokando ya shamba, nyuma yangu Uswisi, mbele yangu Ufaransa na milima ya Jura, nikijaribu kufuata kwa macho mahali ambapo mzingo wa kikombe ungepita. Haikuwezekana. Ulipotelea nyuma ya miti na paa za nyumba. Mashine ilikuwa ikifanya kazi majira yale, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kushuka handakini. Nilichoweza ni kusimama juu yake tu na kujua kwamba kila sekunde inayopita, protoni zinalizunguka duara lile zaidi ya mara 11,000. Nilikaa pale muda mrefu.

Jumatatu asubuhi nilipewa kadi ya kuingilia, nikafanya mafunzo ya usalama, kisha nikaenda kuonana na msimamizi wangu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Jambo la kwanza aliloniomba ni nimwite kwa jina lake tu, bila "daktari" wala "profesa". Ulimi ulikataa. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nikisubiri anitazame ndipo nianze kuongea, ili nisilazimike kumwita.

Alinipa faili la data kutoka ATLAS, kigunduzi chenye uzito wa tani 7,000 kinachopiga picha za migongano ile. Ndani mlikuwa na maelfu ya jozi za muoni, chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi. Kazi yenyewe ilielezeka kwa urahisi. Protoni zikigongana, mara chache huzaliwa chembe nzito iitwayo bosoni ya Z, ambayo hufa papo hapo, na wakati mwingine huacha muoni mbili. Ukipima nishati na mwelekeo wa hizo mbili, unaweza kupiga hesabu ya uzito wa mzazi wao. "Chora grafu ya uzito huo," alisema, "tuone unapata nini." Akaondoka kwenda mkutanoni.

Niliandika programu nikiwa na imani. Nilijua ninachotafuta: kilele kwenye 91, uzito wa Z. Namba hiyo nilikuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani. Nikaupa mhimili wa grafu nafasi kutoka sifuri hadi 200, nikabonyeza. Grafu ikatoka tupu. Mistari miwili, na kati yake weupe.

Nikaisoma programu mstari kwa mstari. Nikaifuta, nikaiandika upya. Weupe ule ule. Kulikuwa na watu wawili chumba kile kile, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu, na ningeweza kuwauliza. Sikuwauliza. Nilikaa zaidi ya saa nzima nikiamini kwamba nikifungua mdomo watajua kwamba walikosea kunichagua. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu kuliko upweke wa siku zile mbili za kwanza, maana upweke haukuwa kosa la mtu yeyote, ila kimya hiki nilikichagua mwenyewe.

Msimamizi aliporudi aliniuliza imekwendaje. Nikasema, "Sijui. Haitoki kitu, na sijui kwa nini."

Hakushtuka. Alivuta kiti, akatazama skrini kidogo, akauliza: "Data yako iko kwenye kipimo gani?"

Megaelektronivolti. Nami nilikuwa nimeandaa mhimili wa gigaelektronivolti, kipimo kikubwa mara 1,000. Kilele changu kilikuwepo tangu mwanzo, kimekaa kwenye 91,000, mbali kabisa nje ya ukingo wa grafu. Nikagawanya kwa 1,000, nikabonyeza tena.

Kikasimama. Upande wa kushoto mteremko mpole, halafu mlima mwembamba ukipanda wima, ncha yake kwenye 91. Hakuna aliyekuwa ameniandikia ubaoni. Zile jozi, kila moja kutoka kwenye mgongano wake, zilikuwa zimejipanga zenyewe mahali pamoja mbele ya macho yangu. Msimamizi aliniambia kwamba mwaka 1983, Z ilipogunduliwa hapo hapo CERN, walikuwa na matukio machache sana mikononi. Akanyoosha kidole kwenye mlima wangu na kuuliza kwa nini ni mpana kiasi kile, kwa nini si mstari mmoja mwembamba. Sehemu ya jibu niliijua, nikamweleza: kinachokufa haraka hakiwezi kuwa na uzito mmoja kamili. Sehemu nyingine ilihusu kigunduzi chenyewe, na hapo nikasema tena kwamba sijui. Safari hii nililisema mara moja. Alichukua karatasi akaanza kunichorea.

Tulipomaliza nilichapisha grafu mbili, moja ya ukutani na moja yangu. Nilitoka nje saa tatu kasoro usiku, jua likielekea nyuma ya Jura. Nilimpigia mama njiani na kumweleza juu ya ule mlima, namba yake, na ulivyojificha. Aliniacha niongee mpaka mwisho. Nilikuwa bado nazungumza naye nilipojikuta mbele ya Shiva, mlangoni kwa jengo 39, ramani ikiwa mfukoni.